Dawati la malalamiko la CRB, pale aliyekopa kwa jina lako ni mwanao

Kenya ina kampuni tatu zenye leseni ya Benki Kuu ya kuhifadhi rekodi za mikopo, ziitwazo CRB, na huduma ninayoitathmini hapa ni dawati la malalamiko la mojawapo ya kampuni hizo jijini Nairobi, ambako nilimpeleka mama baada ya Sacco yake kumnyima mkopo kwa sababu jina lake lilikuwa limeingia CRB.

Kuipata ripoti hakukuwa na taabu. Kila mtu ana haki ya nakala moja bila malipo kwa mwaka, na mhudumu, baada ya kuthibitisha kitambulisho, aliichapisha papo hapo, kisha akamsomea mama mstari kwa mstari kwa Kiswahili, kwani yote imeandikwa kwa Kiingereza. Hapo ndipo mambo yalipofichuka. Mkopo wa kwanza wa simu ulikuwa mdogo na ulilipwa kabla ya muda. Wa pili, mkubwa kidogo, ulilipwa vilevile. Kiwango cha kukopa kilipopanda ndipo mitatu mizito ikachukuliwa na kutelekezwa. Mwizi wa mbali hana subira ya namna hiyo. Mama aliomba arudiwe kusomewa tarehe, akanyamaza, kisha akamtaja mdogo wangu, ambaye ndiye aliyekuwa akimtolea pesa kwa wakala na hivyo aliijua nambari yake ya siri.

Kwa kazi hiyo ya kufafanua, dawati linastahili sifa zote. Kasoro yake iko kwenye fomu ya malalamiko, ambayo imeandaliwa kwa ajili ya makosa ya kiofisi, kama vile deni lililokwisha kulipwa au majina yaliyofanana. Kampuni ya rekodi haina mamlaka ya kufuta kwa hiari yake ilicholetewa, kwa hiyo hulipeleka lalamiko kwa mkopeshaji, naye alijibu kwamba laini ni ya mama na nambari ya siri ilikuwa sahihi, basi deni ni lake. Kulipinga jibu hilo kulihitaji nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), yaani mama aende kituo cha polisi akamshtaki mwana aliyemzaa. Kati ya kukubali deni na kumpeleka mtoto polisi, fomu haina nafasi hata ya mstari mmoja wa maelezo.

Mhudumu alimweleza mama hali yake bila kumsukuma upande wowote: akilipa, rekodi itasomeka kwamba deni limelipwa, lakini historia ya kuchelewa huweza kubaki hadi miaka 5. Maelezo hayo yangefaa kubandikwa ukutani, maana wengi hulipa mbio mbio ili kuficha aibu ya nyumbani, wakidhani jina litasafishika siku ileile.

Naipa huduma hii nyota 3 kati ya 5. Mama alikataa katakata kwenda polisi. Mdogo wangu aliitwa mbele ya wajomba, akatia saini kwamba atalipa mwenyewe, na mkopo mmoja kati ya ile mitatu ameshaumaliza. Risiti tumeiwasilisha pamoja na barua, dawati likaipokea na kuigonga muhuri, na sasa tunamsubiri mkopeshaji atume masahihisho.