Runinga Kama Monita: Neno Moja Kwenye Menyu Limebadilisha Picha Yote

Hiyo unayoiona hapo ni herufi a. A ndogo, nyekundu, juu ya bluu. Ukiiona kama imenyeshewa mvua, usifute kioo cha simu yako na wala usiilaumu intaneti. Ndivyo ilivyo. Nimekaa nayo siku 9 ikiwa hivyo hivyo, na siku ya 10 ndiyo nimegundua nilikuwa nateswa na jina. Jina tu!

Karibuni tena, wadau. Najua niliahidi kwamba hatutagusa skrini mpaka tumalize mfululizo wa kibodi, na kibodi ya tatu iko hapa pembeni inaniangalia. Itasubiri. Leo ni zamu ya hii iliyo nyuma yangu: runinga ya inchi 43, 4K, imekaa mezani pale ilipokuwa monita yangu ya inchi 27. Sifa zake sisomi, zimeandikwa kwenye boksi. Jina la kampuni nalo silitaji, kwa sababu leo nina hasira, na ugonjwa wenyewe wanao wengi.

Siku ya kwanza nilitaka kuirudisha, si utani. Nawasha kompyuta, upau wa chini wa Windows umeliwa nusu. Saa siioni. Kile kitufe cha kufungia dirisha, kule juu kulia, kimebaki nje ya kioo. Hili la kingo kukatwa ni urithi wa runinga za chogo. Zama zile picha ilikuwa haikai sawa pembeni, kwa hiyo runinga ikaikuza kidogo ili uchafu wa kingoni ufichike nyuma ya fremu. Chogo limeondoka, tabia imebaki. Dawa yake ni nyepesi: ingia kwenye ukubwa wa picha, tafuta chaguo linaloonyesha pikseli zote, vile vidoti vidogo vinavyounda picha, bila kukuza. LG wanaliita Just Scan, Samsung wanaliita Fit to Screen. Ukiliwasha, kingo zinarudi, na maandishi yanapata nafuu maana kila pikseli ya kompyuta sasa inatua kwenye pikseli yake. Hilo limeisha, tusonge.

Sasa njooni kwenye kitu kilichonifanya nivunje ahadi.

Nimeandika sentensi moja mara 3. Ya juu nyeusi juu ya nyeupe, ya kati nyekundu juu ya bluu, ya chini zambarau juu ya kijivu. Hebu tazama ya juu. Safi, si ndiyo? Ndiyo maana ukilalamika utasikia mtu anakujibu, "mbona yangu haina shida?" Anatazama nyeusi juu ya nyeupe. Shuka sasa ya kati. Umeona? Miguu ya herufi imevimba, m na n huwezi kuzitofautisha, na hapo katikati ya e hakuna tundu tena.

Subiri, nisogeze kamera. Lazima niisogeze mpaka herufi moja ijaze picha, kwa sababu video hii yenyewe hadi ikufikie inakuwa imebanwa rangi kwa namna ile ile ninayotaka kuilalamikia. Nikikuonyesha kwa mbali, hutajua kosa ni la runinga yangu au ni la video. Haya. Hapo sasa. Hizo ni pikseli.

Kinachotokea ni hiki. Picha ina mambo mawili, mwangaza na rangi. Jicho la binadamu ni kali sana kwa mwangaza, kwa rangi ni la uvivu. Watu wa utangazaji walilijua hilo kitambo, wakalifanyia hesabu: mwangaza upelekwe wote, rangi tuibane. Ndiyo hiyo utakayoikuta imeandikwa 4:2:0. Pikseli 4, mbili juu na mbili chini, kila moja ina mwangaza wake lakini zote zinatumia rangi moja. Ni watu wanne kitanda kimoja, shuka moja. Kwa hiyo runinga ya 4K, yaani ya pikseli 3840 kwa 2160, rangi yake ni ya 1920 kwa 1080 tu. Kwenye filamu hutaona. Kwenye mpira hutaona. Lakini mguu wa herufi una unene wa pikseli 1 au 2, jamani! Rangi ya herufi inamwagikia jirani, ya jirani inaingia kwenye herufi.

Tunachotaka ni 4:4:4, kila mtu na shuka lake.

Nilienda kwenye kompyuta, nikachagua RGB, namna ya kutuma picha bila kubana rangi. Haikusaidia. Nikabadilisha kebo. Haikusaidia. Nikapitia mipangilio yote ya picha, ukurasa kwa ukurasa, mpaka ile ya ndani kabisa ambayo hata aliyeitengeneza nadhani ameisahau. Hakuna kitu. Kumbe runinga ilikuwa inapokea picha nzima kutoka kwa kompyuta, halafu yenyewe huko ndani inaibana ili ipitishe kwenye vichujio vyake vya urembo.

Sasa angalia mkono wangu. Nachukua rimoti. Siingii kwenye picha. Naenda kwenye orodha ya milango, ile ya kuchagua HDMI 1, HDMI 2. Nasimama juu ya HDMI 1. Nabonyeza kuhariri. Inaniuliza, hiki kifaa ukiite nani? Kuna dishi, kuna kicheza diski, kuna konsoli ya gemu, kuna PC, yaani kompyuta. Nachagua PC.

Kioo kinakuwa cheusi kidogo... na... ohoo! Tazama hiyo e! Tundu limerudi! M ni m, n ni n. Ngoja nirudishe, nisije nikaonekana nimekata video. Naliita dishi. Mvua. Naliita PC. Jua. Dishi. PC. Nimecheza hivi jana usiku hadi nikaulizwa kama niko sawa.

Swali langu kwao: kwa nini? Kwa nini kitu kizito hivi mkifiche kwenye jina? Ni sawa na gari linalogoma kupanda mlima mpaka uliandike jina ubavuni. Kwenye Samsung na LG dawa ndiyo hii, lebo au ikoni ya PC. Sony wao ni tofauti, unachagua modi ya picha ya Graphics au ya Game. Wengine watakuficha kwingine, lakini kipimo ni kile kile: andika nyekundu juu ya bluu, ukimaliza kubadilisha isome.

Na zawadi ya pili, ukishaiita PC vile vichujio vingi vinalala. Ile laini-laini ya kufanya filamu iteleze kama tamthilia, kuondoa chenga, vyote. Kipanya ambacho kilikuwa kinafuata mkono kwa kuchelewa, kama mtoto anayetumwa dukani asiyetaka kwenda, sasa kinakwenda na mkono. Kama chako bado kinachelewa, washa modi ya gemu.

Kebo na mlango nisiziruke, maana mtaniuliza kwenye maoni. HDMI ya toleo la 1.4 inapitisha 4K kwa hetzi 30 tu, yaani picha 30 kwa sekunde, utaona kipanya kinarukaruka. Unataka toleo la 2.0 kwenda juu, pande zote mbili, kompyuta na runinga. Hiyo 2.0 ni gigabiti 18 kwa sekunde, inatosha 4K, hetzi 60, 4:4:4, kwa biti 8, hizo biti zikiwa ni wingi wa ngazi za kila rangi. Ukijitia tamaa ukachagua biti 10, 4:4:4 haitoshei tena, na kompyuta inaweza kushusha rangi kimyakimya. Mimi niliingia mtego huo. Baki biti 8. Pia kuna runinga ambazo mlango unakuja umebanwa mpaka uufungue mwenyewe: Samsung ni Input Signal Plus, LG ni HDMI Deep Colour. Na kebo ya dhahabu haikupi picha nzuri zaidi ya kebo ya kawaida inayotosha. Kebo ikishindwa, utaona picha inakatika au vidoti vinawaka ovyo, si herufi kuwa na ukungu.

Ukali wa picha, shusha. Shusha! Ule si ukali, ni mstari mweupe unaochorwa kuzunguka kila kitu. Weka herufi nyeusi juu ya kijivu, punguza mpaka kivuli cheupe kiishe. Kwenye nyingi ni 0, kwenye Sony katikati, 50, ndiyo haijaongezwa wala kupunguzwa. Taa ya nyuma nayo shusha, umekaa karibu nayo mno. Na ukiona nyeusi imekuwa kijivu, au vivuli vyote vimezama, kompyuta na runinga hazijakubaliana: moja inahesabu kutoka nyeusi hadi nyeupe kwa 0 hadi 255, nyingine kwa 16 hadi 235. Zilinganishe, basi.

Je, nakushauri ununue? Nilikuja na jibu la hapana. Monita ya kweli inaamka yenyewe ukigusa kibodi, hii naiwasha kwa rimoti kila asubuhi. Monita inapanda na kushuka, hii ina miguu miwili kama kunguru. Halafu nikaangalia bei ya monita ya inchi 43 ya 4K, nikaufunga ukurasa ule polepole. Kwa kawaida runinga ndiyo nafuu, na si kwa tofauti ndogo.

Ila ukubwa uuangalie. Inchi 43 kwa 4K ni kama pikseli 102 kwa kila inchi, karibu sawa na monita ya inchi 27 ya 2560 kwa 1440, ambayo ni 109. Inchi 55 inashuka hadi 80. Na ile ya inchi 32 ya 1366 kwa 768, ambayo kila mtu ananiuliza, ni 49. Hiyo hata uiite PC, uiite profesa, herufi zitabaki matofali. Iache iangalie mpira.

OLED, zile runinga ambazo kila pikseli inawaka yenyewe bila taa ya nyuma? Picha yake tamu, lakini upau usiosogea siku nzima unaweza kuacha alama ya kudumu kwenye kioo. Kama unayo, uufiche. Nimewahi kusema humu OLED haifai kabisa kwa kompyuta. Narudi nyuma nusu hatua. Nusu tu.

Mtu mmoja aliuliza maikrofoni mpya vipi. Ndiyo hii, kama mnasikia feni ya kompyuta ni kwa sababu inasikia kuliko mimi. Kibodi ya tatu ni wiki ijayo, na safari hii... aa, subirini. Kioo kimeandika kitu. "Runinga itazimika, bonyeza kitufe chochote." Hii ndiyo nyingine! Rimoti ikikaa saa 4 haijaguswa inadhani umelala, hata kama unachapa kazi mbele yake. Lakini nimeigusa sasa hivi... la, ile ya kuonyesha mlango nilirekodi asubuhi. Rimoti iko wapi? Nilikuwa nayo hapa. Zima kamera, zi—