Kurudia Mionzi ya Mifupa: Tathmini ya Huduma Aliyopata Mzee Wetu

Huduma ninayoitathmini ni ya kurudia tiba ya mionzi kwa mgonjwa ambaye maumivu ya mifupa, yaliyokuwa yametulizwa na mionzi ya awali, yameanza upya. Mzee wetu, mwenye saratani ya tezi dume iliyosambaa hadi kwenye pingili za mgongo, aliipata katika hospitali moja ya rufaa hapa Dar es Salaam. Tiba yenyewe naisifu bila kusita. Lawama yangu iko kwenye kumbukumbu za tiba ya kwanza.

Mionzi ya pili haipangwi kama ya kwanza. Ugwe wa fahamu unaopita ndani ya pingili hujirekebisha kwa sehemu tu kadiri miezi inavyopita, na jumla ya mionzi ikizidi uwezo wake mgonjwa anaweza kupooza. Ndiyo maana daktari na mtaalamu wa fizikia tiba, anayekokotoa vipimo vya mionzi, hawakukubali kuanza kabla ya kujua mahali palipopigwa, idadi ya grei (kipimo cha dozi ya mionzi), vipindi na tarehe. Hospitali iliyompa mionzi ya kwanza ilikuwa imetuandikia kwamba amemaliza mionzi ya mgongo, basi. Kumsubirisha mtu asiyeweza hata kuketi kwa sababu ya karatasi ni mateso yasiyo ya lazima, na muhtasari wenye takwimu hizo ulistahili kuwa mikononi mwetu tangu siku aliyoruhusiwa.

Takwimu zilipopatikana, daktari alitueleza waziwazi kwamba lengo ni kutuliza maumivu, si kuponya saratani, akapendekeza grei 8 kwa mara moja. Baadhi ya ndugu waliona tunapunjwa. Hata hivyo, utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2014, uliowahusisha wagonjwa 850 waliorudia mionzi ya mifupa, ulionyesha kwamba baada ya miezi miwili asilimia 28 ya waliopangiwa grei 8 za mara moja walipata nafuu, dhidi ya asilimia 32 ya waliopangiwa grei 20 za vipindi kadhaa, ambao waliharisha na kukosa hamu ya kula zaidi. Nafuu, kwa hiyo, haina uhakika kwa yeyote; lakini kwa mzee anayeingizwa garini kwa kubebwa, safari moja ni rehema.

Meza ya mashine ni ngumu mno kwa mgongo unaouma. Mhudumu alihakikisha kwanza kwamba mzee amekunywa mofini, dawa kali ya maumivu, akamwekea shuka lililokunjwa chini ya magoti, akalinganisha alama za wino ubavuni na mistari ya mwanga, kisha akamwambia kupitia kipaza sauti, "Baba, tulia hivyo hivyo, tunaanza." Alipewa pia deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, kwa kuwa maumivu huweza kupanda siku za mwanzo, yalipanda kweli, nasi tulikuwa tumejiandaa. Nafuu ilikuja polepole, na sasa anaswali akiwa ameketi kitini.

Huduma hii naipendekeza kwa mwenye maumivu peke yake. Ambaye miguu imeanza kulegea, au mkojo umeziba, asipange foleni ya kliniki, kwani huenda ugwe wa fahamu umebanwa: apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na kumbukumbu zake za nyuma zitafutwe akiwa tayari wodini.