Tahadhari: anauza "seti" ya kalipa za Brembo, anatuma mbili za upande mmoja

Wadau wa Subaru wa Nakuru, Kericho, Kisumu na Eldoret, kuna jamaa anatangaza kalipa (vile vyuma vinavyobana pedi za breki kwenye diski) za kampuni ya Brembo, zinazotoka kwenye STI, ile Impreza ya mbio: "seti kamili ya mbele, imetoka Japani juzi". Msimtumie pesa. Mimi ameshanila shilingi 68,000, na gari langu hadi leo limekaa juu ya mawe kwa fundi hapa Nakuru, halina magurudumu ya mbele.

Gari ni Impreza WRX ya 2002. Diski zake za mbele ni za milimita 294, na kwa kuzunguka mjini hazina shida yoyote. Shida yangu ni mteremko wa Subukia. Kila mwisho wa mwezi naenda nyumbani Nyahururu, na wanaoijua barabara ile wanajua kurudi kulivyo: uko nyuma ya lori la viazi, mguu haubanduki kwenye breki, kona baada ya kona, na ukifika chini pedali imelegea kama sifongo na harufu ya pedi imejaa ndani ya gari. Ndipo nikaanza kutafuta Brembo za STI. Diski zake ni za milimita 326 kwa unene wa 30, na kalipa za mbele zinafungwa palepale zilipokuwa za WRX bila kuchonga kitu.

Tangazo lilikuwa na picha mbili, ya kalipa ya kushoto na ya kulia, zote zimepigwa rangi ya dhahabu inayong'aa. Penye jina la Brembo pamebandikwa utepe wa karatasi. Nikamuuliza kwa nini. "Bosi wangu, nimeziba herufi zisiingie rangi." Nikaona jibu lina maana. Nyuma ya kalipa, ukutani, kulikuwa na kalenda ya agroveti yenye picha ya ng'ombe, na huyo ng'ombe nilimwona vizuri. Ambacho sikukiona, nikakiona wiki mbili baadaye nilipoikuza picha ya pili kwa hasira, ni kwamba tarehe za kalenda zilikuwa zimeandikwa kinyume, kama unazisoma kwenye kioo. Jamaa alipiga picha kalipa za kushoto mbili, ya pili akaigeuza kwenye simu ikawa "ya kulia". Utepe ulikuwa wa kuficha herufi ambazo zingemchoma.

Malipo yalikuwa nusu kabla ya kutuma, nusu mzigo ukifika ofisi ya matatu, na sharti lake ni kwamba hufungui boksi kabla hajathibitisha pesa imeingia. Jina lililotokea kwenye M-Pesa lilikuwa la mwanamke, na mimi nilikuwa nikiongea na mwanamume. "Ni laini ya mke wangu." Haya. Nikalipa kalipa.

Fundi wangu ni mzee asiyependa maneno. Alizitoa kwenye boksi, akaziweka sakafuni moja kando ya nyingine, akazitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akasema, "Kijana, gari lako lina upande mmoja tu?"

Kwa msiojua, kalipa hizi zina chuchu za kutolea hewa, na chuchu lazima zikae juu kwa sababu hewa kwenye mafuta ya breki hupanda. Ukiifunga ya kushoto upande wa kulia, chuchu zinaangalia chini, hewa inajibana juu haina pa kutokea, na pedali haitakuja kuwa ngumu hata ukamaliza chupa kumi za mafuta. Nikampigia muuzaji. Hakushtuka hata kidogo. "Hizo ni za pande zote, bosi. Mwambie fundi aifungue, aigeuze, atoe hewa, halafu airudishe. Hajazoea vitu vya STI huyo."

Naona aibu kusema kwamba nilimsihi fundi ajaribu hivyo hivyo. Nilikuwa nimeshalipa, na mtu akishalipa husikia anachotaka kusikia. Mzee akakubali kwa shingo upande, lakini akaanza na upande wa kushoto, ambao angalau ulikuwa na kalipa yake. Bolti ya juu ikakaza vizuri. Ya chini ikazunguka, ikazunguka, ikaendelea kuzunguka tu mkononi mwake bila kushika. Akaitoa. Kwenye meno yake kulikuwa na unga wa kijivu. Akachukua bisibisi, akakwaruza rangi ya dhahabu kuzunguka tundu, na chini yake ikatoka gundi ya chuma, ile ya kuzibia tangi. Kalipa hizi ni za aluminiamu na bolti inashika ndani ya kalipa yenyewe, kwa hiyo mtu akikaza kupita kiasi uzi wa ndani, yaani meno ya kushika bolti, unakufa kirahisi. Huyu jamaa aliuziba kwa gundi, akapiga uzi wa uongo, akapaka rangi. Kile kitu kilikuwa kishike gurudumu langu Subukia nikiwa na mama mkwe kiti cha nyuma.

Diski alizotuma nazo. Ziling'aa kama sahani mpya. Diski nyingi huwa zimegongwa nambari ya unene wa mwisho, yaani ikifika hapo itupwe, na hizi zilikuwa na milimita 28. Mzee akaweka venia, kile kipimo cha unene: 26.6. Zilikerezwa mpaka kutu na mikwaruzo ikaisha, pamoja na uhai wake. Diski nyembamba hupata moto haraka, hupinda, na yaweza kupasuka. Yaani ningelipa kuondoa shida ya joto nikaipata mara mbili.

Alinitumia pia chupa ya mafuta ya breki, "zawadi", DOT 4 isiyo na mhuri. Usitumie kamwe chupa iliyofunguliwa na mtu usiyemjua. Mafuta hayo hunywa unyevu wa hewani: kiwango cha chini cha DOT 4 mpya ni kuchemka kwa nyuzi 230, lakini yakishanywa maji kinashuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa. Ndiyo ile pedali inayozama hadi sakafuni.

Nikadhani nina bahati mbaya peke yangu. Nilipoweka picha kwenye kundi letu la WhatsApp, jamaa mmoja wa Kisumu akanipigia usiku huo huo. Ana Impreza ya zamani kuliko yangu, kila siku anashuka mlima wa Riat kutoka Kiboswa kwenda kazini. Yeye alitumiwa mbili za kulia. Ng'ombe ni yule yule.

Kwa hiyo ukikutana na tangazo la namna hii, mwambie akupigie video, kalipa zote mbili ndani ya fremu moja, amezishika na gazeti la leo, na akuonyeshe matundu ya bolti kwa ndani. Aondoe utepe. Rangi mpya tupu si dhambi, ila rangi iliyofunika hadi mipira ya vumbi ya pistoni imepakwa na mtu mwenye haraka. Ukiambiwa zinaingia kwenye rimu za inchi 16, kata simu. Zinataka 17, na hata 17 si zote, mikono ya baadhi ya rimu inagusa kalipa. Mimi alitaka pia kuniuzia rimu za STI ya 2005 "ziendane". Hizo bolti zake ziko kwenye duara la milimita 114.3, WRX yangu ni 100. Haziingii hata kwa maombi.

Jina na nambari yake siweki hapa. Nimeripoti polisi na nina nambari ya OB, kile kitabu chao cha matukio, na isitoshe laini anabadilisha kama soksi. Mwenzangu wa Kisumu alipewa nambari nyingine kabisa na "mke" mwingine. Kuomba M-Pesa irudishwe kupitia 456, nambari ya Safaricom ya kurudisha pesa, nilijaribu, nikiwa nimechelewa siku nne, pesa ilishatolewa. Kama nawe umetapeliwa na mwenye kalenda ya ng'ombe, nitumie ujumbe faraghani, tuambatanishe malalamiko.

Jumamosi mimi na yule wa Kisumu tunakutana Kericho, kila mtu na kalipa zake, tubadilishane. Tumepiga hesabu mara tatu kwenye simu na inagoma: yeye ana mbili nzima za kulia, mimi nina moja nzima ya kushoto na moja ya gundi. Mzee anasema tundu linaweza kutobolewa upya na kutiwa uzi wa chuma, ila kwenye gari lake yeye asingeifunga. Kwa pesa zetu wawili, zaidi ya laki moja na ishirini, kuna seti moja inayofungika. Nani aondoke nayo, bado hatujaongea.