Sensa tatu mpya, kumbe ni waya mmoja: yaliyonikuta na kijiko changu

Jamani naandika hapa hasira bado hazijaisha, mniwie radhi nikirukaruka. Nina kijiko kimoja tu, ile mashine ya kuchimbia, nakikodisha kwa saa, ndo kinasomesha wanangu, na kuanzia mvua za masika mpaka juzijuzi hapa nimeteswa na gereji moja ya wale wa "tunapima kwa kompyuta" maeneo ya Tabata hapa Dar mpaka nikawa naiota ile taa ya injini usiku.

Ilianzia Goba, tunachimba msingi. Opareta wangu akanipigia, mama hii mashine inafanya kazi vizuri halafu ghafla inazubaa, mlio unashuka, taa inawaka, haina nguvu hata ya kunyanyua ndoo ya udongo. Ukizima ukawasha inarudi kama hamna kitu. Nusu saa baadaye tena. Na mwenye saiti kasimama pembeni anaangalia saa yake, maana kwenye biashara hii mashine ikisimama dakika kumi anataka akukate saa nzima.

Nikapewa namba ya hao mafundi. Niseme ukweli, siku ya kwanza nilifurahi, walikuja fasta, kijana kavaa ovaroli safi, kachomeka waya wa laptopu yake kwenye soketi nyuma ya siti, dakika tano tu akanisomea sensa, vile vifaa vya kupimia presha kwenye injini: sensa ya presha ya oili imekufa, ya presha ya turbo imekufa, ya presha ya dizeli imekufa. Mimi nikapiga picha ile skrini kwa simu kwa sababu kila kitu cha mashine hii natunza kumbukumbu, namshukuru Mungu nilipiga. Sensa moja laki tatu na nusu, mara tatu, weka na ufundi, nikalipa siku ile ile. Wakafunga, wakafuta makosa kwenye kompyuta, mashine ikanguruma safi kabisa pale ilipopaki.

Ikakaa siku mbili. Ya tatu iko kazini, mchezo ule ule, sensa zile zile tatu.

Nikaenda gereji mwenyewe kwa miguu yangu. Nikamkuta fundi mkubwa, nikamuuliza kwa adabu tu, kaka, sensa mpya kabisa zitakufaje zote kwa pamoja, hamuoni labda shida iko kwenye nyaya? Hakuinua hata macho kwenye simu. Akanijibu, "Mama, kazi yako wewe ni kuleta hela, mambo ya umeme tuachie sisi." Mbele ya madeiwaka wake, wakacheka wote. Mimi ambaye filta nabadilisha mwenyewe, grisi napiga mwenyewe, nimelala kwenye lobedi, lile trela la kubebea mashine, na hii mashine nikiipeleka Kibiti. Nilitetemeka. Halafu ndo akanipa jibu: basi itakuwa kontroli boksi, yaani kompyuta yenyewe ya injini, milioni sita, tunaagiza Dubai, utoe nusu leo. Nikaondoka sijaaga.

Shemeji yangu ndo akanipeleka mtaa wa Gerezani kwa mzee mmoja fundi rewaya, wa nyaya za umeme. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikamsimulia yote, akaniambia kitu kimoja, "Mwanangu, sensa tatu hazifi dakika moja kama vile zimekula sumu. Mwenye kuzilisha ndo mgonjwa." Nikamwonyesha ile picha ya skrini. Akavaa miwani, akaikuza, akanyoosha kidole. Mistari ilikuwa minne, siyo mitatu! Mitatu ni ile niliyosomewa, namba 100, 102 na 94, yote mwisho ina 4, na akanieleza hiyo 4 maana yake ni volti imeshuka chini kuliko inavyotakiwa, haisemi kabisa kwamba sensa imekufa. Mstari wa nne ni namba 3509, nao una 4, na hiyo siyo sensa yoyote, ni ule umeme wa volti 5 ambao kompyuta ya injini inautoa kulisha sensa zenyewe. Yaani jibu lilikuwa pale pale kwenye skrini siku ya kwanza, kijana akaliruka.

Kesho yake mzee akaja Goba na daladala, begani kibegi, ndani testa na bisibisi basi. Akapima volti mashine imetulia, 5 kamili. Akamwambia opareta fanya kazi mpaka ugonjwa uje, na ukija usizime, ole wako uzime, maana injini ikizima inajitikisa, waya unaachia, ushahidi unapotea. Mimi hapo nikaelewa kwa nini siku zote ukizima inapona! Ikachimba kama dakika ishirini, ikazubaa. Mzee akachomoa plagi ya sensa ya oili, akagusisha testa kwenye tundu la ule waya wa volti 5, inasoma 0.3. Akachomoa ya turbo, bado. Akachomoa ya dizeli, bado 0.3. Akasema umeona, ingekuwa sensa moja imepiga shoti ndani, ningeichomoa volti zingerudi, sasa zote nje na bado hamna kitu, kwa hiyo ni njiani au ni kompyuta. Moyo ukanidunda niliposikia kompyuta, nikaiona ile milioni sita. Akashika mpini wa bisibisi, akawa anasukuma lile fungu la nyaya taratibu, kipande kwa kipande, macho kwenye testa. Alipofika nyuma ya breketi ya filta ya dizeli, testa ikaruka, 5. Akaachia, 0.3. Akasukuma, 5.

Tukazima, akachana solotepu. Waya mwembamba kama kijiti cha kiberiti, klipu yake ilishakatika kwa hiyo fungu lote likawa linasugua kwenye kona ya chuma, plastiki imeliwa upande mmoja tu, pamebaki shaba inang'aa kama hereni. Kila injini ikitetemeka sana inagusa bodi, volti 5 zinaishia kwenye chuma, sensa zote tatu zinabaki na njaa. Ni hicho tu! Akaunga kwa risasi, akavisha mpira ule unaosinyaa kwa moto, akaweka klipu mpya, fungu akalihamisha mbali na breketi. Elfu themanini. Mpaka leo haijazubaa tena na imeshachimba Madale, Bunju na sasa iko Kigamboni.

Sasa nilikuwa nimeshatulia, nataka kuandika kwamba wale wa Tabata siyo wabaya sana, kompyuta yao nzima, wanakuja haraka, kijana yule bado anajifunza na pengine hakuna aliyemfundisha kwamba kompyuta inakuambia tu volti ilizoziona, haijui kama kilichokufa ni sensa au waya. Nilitaka kuwapa nyota mbili. Lakini mzee alivyokuwa anarudisha plagi akaniita, mwanangu njoo uangalie. Kwenye nyaya karibu na plagi kuna vitundu vya sindano, vitatu vinne kila waya, walizitoboa wakipima badala ya kuingiza testa kwa nyuma ya plagi, wakaziacha wazi. Tunafanya kazi karibu na bahari, mashine inaoshwa kwa maji ya presha, mle ndani shaba imeshaanza kuwa kijani. Yaani nimewalipa zaidi ya milioni na wameniachia ugonjwa mwingine unakuja! Mzee alikata vipande vyote akaunga upya, hakuniongezea hata mia. Hapana, sitoi nyota hata moja.

Na sensa zangu za zamani, ambazo kumbe zilikuwa nzima zote, walibeba. Nimepiga simu kuzidai, kanijibu yule yule fundi mkubwa, ati zilishatupwa, halafu akakata. Sensa laki tatu na nusu nani anatupa? Ile picha ya skrini nimeshaitoa kopi steshenari, mstari wa nne nimeuzungushia kalamu nyekundu, kesho asubuhi nipo pale kabla hawajafungua geti.