Skrini ya Kipakatalishi au Kompyuta ya Mezani: Mpangilio wa Machaguo kwa Anayefanya Kazi Kutwa Kisumu

Ukiingia katika maduka ya kompyuta yaliyo kando ya Barabara ya Oginga Odinga mjini Kisumu na kusema kwamba unataka kipakatalishi, maswali ya kwanza utakayoulizwa yatahusu RAM, ukubwa wa hifadhi na pesa ulizojiandalia. Ni nadra kuulizwa utakaa mbele ya mashine hiyo saa ngapi kwa siku, umeketi kwenye kiti gani, na juu ya meza yenye kimo gani. Hata hivyo, hayo ndiyo yatakayoamua iwapo baada ya miezi michache utakuwa ukifanya kazi kwa raha au ukijikanda shingo kila jioni. Mwongozo huu unamlenga mtu anayetumia kompyuta kwa saa nyingi mfululizo: mwalimu anayeandaa maazimio ya kazi, karani wa ofisi, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno anayeandika tasnifu, na vijana wanaonukuu sauti au kuhariri matini kwa wateja wa ng'ambo. Nimeyapanga machaguo kwa kigezo cha starehe ya mwili, nikizingatia hali mbili za huku kwetu, kwamba stima hupotea na kwamba wengi wetu hatufanyi kazi mahali pamoja wiki nzima.

Kabla ya kuzungumzia inchi, yafaa kueleza ugonjwa huo wa shingo unatoka wapi. Skrini na kibodi za kipakatalishi zimeshikana. Ukikiweka pale ambapo mikono inastarehe, skrini inakuwa chini na kichwa kinainama. Ukikiinua hadi usawa wa macho, mikono inaning'inia juu na mabega yanakaza. Kichwa cha mtu mzima kina uzani wa kilo 4.5 hadi 5.5 hivi, na kinapoinama mbele ni misuli ya shingo na ya mgongo wa juu inayokibeba saa zote hizo. Sasa tazama vipimo. Skrini ya inchi 14 yenye umbo la kawaida la 16 kwa 9 ina kimo cha sentimita 17.4, na ya inchi 15.6 ina kimo cha sentimita 19.4. Anayeacha ndogo akanunua kubwa ili aiokoe shingo yake amepata sentimita mbili tu, ilhali rimu tatu za karatasi za A4 zilizowekwa chini ya mashine humpa sentimita 15. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kimo cha skrini kinunuliwe kwanza, na upana wake ufuate.

Lengo ni ukingo wa juu wa skrini uwe sawa na macho au chini yake kidogo, skrini iwe umbali wa sentimita 50 hadi 70, viwiko vikunjwe karibu nyuzi 90, na nyayo zikanyage sakafu. Anayevaa miwani yenye sehemu mbili, ambaye husoma kupitia sehemu ya chini ya lenzi, aishushe skrini zaidi, la sivyo atakuwa akiinua kidevu siku nzima.

Nafasi ya kwanza: kipakatalishi cha inchi 14 na skrini ya mezani ya inchi 22 au 24

Mpangilio huu ndio ninaoupendekeza kwa watu wengi bila kusita. Mezani unafanya kazi kwenye skrini kubwa iliyo katika usawa wa macho, ukitumia kibodi na kipanya vya pembeni. Stima ikipotea, kipakatalishi kinaendelea kwa betri yake, na siku ya safari unakitia begini na kupanda matatu. Vipakatalishi vingi vya ofisi vya inchi 14 vina uzani wa kilo moja na nusu hivi, uzito ambao bega linauvumilia kutoka Kondele hadi katikati ya mji.

Soko letu limejaa mashine zilizotumika ng'ambo, zile ambazo wauzaji huziita ex-UK, na kwa ukubwa huu kuna nzuri kadhaa: HP EliteBook 840, Lenovo ThinkPad T480, Dell Latitude 7490. Jihadhari na kizazi cha prosesa, yaani ubongo wa mashine. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inahitaji prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au baada yake. EliteBook 840 G3 ina kizazi cha sita na G4 cha saba, kwa hiyo unafuu wa bei yake una sababu. G5, T480 na Latitude 7490 nyingi ndizo zinazofikia kizazi cha nane.

Skrini ya mezani nayo ina mambo yake, na hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Ya inchi 24 ina upana wa sentimita 53 na kimo cha sentimita 30, nafasi ya kutosha kufungua nyaraka mbili kando kwa kando bila kupunguza herufi. Tatizo ni mguu wake. Skrini nyingi za bei nafuu huinama mbele na nyuma tu wala haziwezi kupandishwa, na hivyo zinakurudisha kwenye ugonjwa uleule uliokuwa ukiukimbia. Miongoni mwa zilizotumika, Dell za mfululizo wa P, kama vile P2219H na P2419H, zina mguu unaopanda na kushuka, ilhali nyingi za mfululizo wa E hazina. Kwa HP mambo yamegeuka: EliteDisplay zenye herufi E ndizo nyingi zinazopanda, na ProDisplay zenye herufi P nyingi zimesimama palepale. Dukani usisikilize maneno, ishike skrini kwa mikono miwili uivute juu. Ikiwa umeipenda isiyopanda, igeuze nyuma uone kama ina matundu manne ya skrubu yaliyoachana milimita 100, kwa sababu hayo hukuwezesha kuifunga kwenye mkono wa chuma baadaye.

Hupaswi kukimbilia inchi 27. Yenye pikseli (vidoa vidogo vinavyounda picha) 1920 kwa 1080 huzitandaza pikseli zilezile za inchi 24 kwenye eneo kubwa zaidi, herufi zikaonekana zimekwaruzika, na meza nyingi za nyumbani hazina kina cha kukuruhusu kukaa mbali nayo. Inchi 27 inafaa ikiwa na pikseli 2560 kwa 1440, na hiyo ni bei nyingine. Kwa mwenye pesa chache, skrini iliyotumika ya inchi 22 kwa kawaida hupatikana chini ya nusu ya bei ya kipakatalishi chenyewe, na kwa kuandika inatosha kabisa.

Nafasi ya pili: kompyuta ya mezani

Kwa mwili peke yake, kompyuta ya mezani ingeshika nafasi ya kwanza. Kila kiungo kimejitenga, kwa hiyo skrini inakwenda panapohitajiwa na macho na kibodi inakwenda panapohitajiwa na mikono. Kwa pesa zilezile unapata mashine yenye nguvu zaidi, na kibodi ikiharibika unabadilisha kibodi, si mashine nzima.

Kinachoishusha ni stima. Ikipotea ghafla, kazi ambayo hukuihifadhi imekwenda nayo, na ukanda huu wa Ziwa Victoria pamoja na vilima vya Kisii na Kakamega hupata ngurumo na radi nyingi. Anayenunua kompyuta ya mezani Kisumu bila UPS, yaani betri ya akiba inayoendesha mashine stima ikipotea, amenunua nusu ya chombo. UPS ndogo yenye uwezo wa VA 650 mara nyingi huwa na betri moja ya volti 12, ambayo ikilisha sanduku kubwa la zamani na skrini yake inakupa dakika chache tu za kuhifadhi kazi na kuzima. Ndiyo maana nawashauri wanunuzi waangalie vile visanduku vidogo, Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini au Lenovo ThinkCentre Tiny. Vingi hutumia chaja ya wati 65 kama ya kipakatalishi, na kwa kazi za kuandika havifikii hata kiasi hicho, kwa hiyo UPS ileile yenye betri nzima inaweza kukusogeza hadi karibu nusu saa. Radi zikianza, chomoa kila kitu ukutani, ukiwemo waya wa intaneti, kwa sababu UPS ndogo haikuundwa kuhimili radi iliyopiga karibu.

Kwa ofisi, saiba, au mtu mwenye chumba chake na sola ya uhakika, hili linapanda na kuwa chaguo la kwanza. Kwa mwanafunzi anayehama bweni kila muhula, hapana.

Nafasi ya tatu: inchi 14 pekee, iliyoinuliwa

Hii ni ya mtu asiye na nafasi wala pesa za skrini ya pili. Anunue kibodi na kipanya vya bei nafuu, aweke kipakatalishi juu ya rimu za karatasi au kistuli cha mbao, na atakuwa amepata sehemu kubwa ya starehe iliyo katika nafasi mbili za kwanza. Kinachokosekana ni ukubwa wa herufi, na hilo hutibiwa kwa kukuza maandishi hadi asilimia 125 katika mipangilio ya Windows. Kwa maoni yangu hakuna matumizi madogo ya pesa katika orodha hii nzima yanayorudisha faida kubwa kama kibodi ya pembeni.

Nafasi ya nne: inchi 15.6

Ukubwa huu ndio wanaoupenda wengi, na nauweka nafasi ya nne nikijua kwamba baadhi ya wasomaji watakasirika. Uzito wake ni tatizo dogo. Kubwa zaidi ni kibodi. Vipakatalishi vingi vya inchi 15.6 vina safu ya tarakimu upande wa kulia, na safu hiyo husukuma herufi zote kushoto. Weka vidole vya shahada juu ya F na J, kisha utazame kidevu chako kimeelekea wapi: mikono iko kushoto, katikati ya skrini iko kulia, na kiwiliwili kimejipinda kidogo kati yake. Mpindo huo hauonekani kwa dakika kumi, lakini anayeandika siku nzima huuhisi kwenye bega moja zaidi ya lingine. Mhasibu wa chama cha akiba anayeingiza tarakimu kutwa ataifurahia safu hiyo, na kwake nafasi hii ingepanda. Anayeandika maneno aikwepe.

Dosari ya pili ni pikseli. Zipo mashine nyingi za inchi 15.6, mpya za bei ya chini na zilizotumika pia, zenye pikseli 1366 kwa 768 pekee. Skrini inaonekana kubwa ikiwa imezimwa, lakini ukifungua ukurasa wa A4 unaona kipande kifupi tu na kubaki ukisukuma juu na chini. Inchi 14 yenye 1920 kwa 1080 inakuonyesha kazi nyingi zaidi. Usikubali kibandiko kilichobandikwa kwenye mfuniko. Bofya kulia mahali patupu kwenye skrini, fungua mipangilio ya onyesho, usome tarakimu wewe mwenyewe.

Zilizobaki

Inchi 17.3 ni kompyuta ya mezani isiyo na faida za mezani: nzito, betri yake haidumu, na skrini bado iko chini ya macho. Kuanzia inchi 11.6 hadi 13.3 ni za safari. Zinampendeza anayezunguka vijijini kukusanya data, lakini kuandika ripoti ndefu kwenye inchi 12.5 humfanya mtu aisogelee skrini, na mgongo hufuata uso.

Ukiwa dukani, na ukiwa kwa seremala

Fungua ukurasa mweupe mtupu, ongeza mwangaza hadi mwisho, na uisogeze mashine karibu na mlango ambapo mwanga wa barabarani unaingia. Skrini nyingi za ofisi zilizotumika zina mwangaza wa niti 220 hadi 250, ambazo zatosha ndani ya nyumba lakini hazitoshi kwenye varanda ya Kisumu saa saba mchana. Anayefanyia kazi nje atafute niti 300 na zaidi, na uso usiong'aa. Kisha chuchumaa uitazame kutoka chini, halafu usimame. Weupe ukigeuka kijivu na rangi zikigeuka, hiyo ni paneli ya aina ya TN, na macho yatachoka kutafuta pembe inayofaa. Paneli ya IPS haibadiliki hivyo.

Meza ni sehemu ya ununuzi huu. Meza nyingi zina kimo cha sentimita 75 hivi, ambacho kwa watu wafupi huinua mabega. Keti kwenye kiti utakachotumia, nyayo sakafuni, kunja kiwiko, na umwambie mtu akupime kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko. Mpelekee seremala wa soko la Kibuye kipimo hicho, akutengenezee meza ya kimo hicho hasa, yenye kina cha sentimita 70 ili skrini ipate kurudi nyuma. Iweke pale ambapo dirisha litakuwa ubavuni, si mbele wala nyuma yako.

Ambaye hawezi kununua vyote kwa pamoja aanze na kipakatalishi cha inchi 14 chenye 1920 kwa 1080, mwezi huohuo aongeze kibodi na kipanya, kisha meza, na skrini ya mezani ije mwisho. Siku ya kuinunua skrini hiyo abebe kipakatalishi chake dukani, kwa sababu matundu ya waya wa skrini hutofautiana: 840 G3 ina DisplayPort na VGA bila HDMI, G5 na T480 zina HDMI. Waviunganishe mbele yake, wailache skrini iwake kwa muda, na risiti iandikwe muda wa dhamana pamoja na nambari ya mashine iliyobandikwa nyuma.