TAHADHARI: GTX 1050 Ti feki zinauzwa Kariakoo, wanakupimia kabisa na inasoma jina, usitoe hela

Wakuu someni hii kabla hamjaenda kununua kadi ya grafiki mjini, ile inayochora picha za gemu kwenye kompyuta. Kuna watu wanauza GTX 1050 Ti feki, laki mbili na ishirini, boksi jipya, na wanakupimia mbele ya macho yako na mashine inasoma 1050 Ti, memori 4GB, kila kitu kimenyooka. Sio 1050 Ti ile. Ni kadi ya mwaka 2011 imebandikwa jina la kadi ya 2016. Nimeuziwa mimi, na nikiikumbuka tu ile hela kichwa kinauma.

Mashine ni ya dogo wetu wa nyumbani, Dell OptiPlex 7010 tower yenye prosesa i5-3470. Ramu nilishaipandisha ikafika 16GB, SSD ipo, ilibaki kadi tu. Na sikukurupuka. Nilikaa nikasoma, nikalinganisha, maana kwenye mashine za ofisini kama hizi kadi inachaguliwa na umeme kwanza ndio mambo mengine yafuate. Pawa saplai yake ni wati 275 na haina ule waya wa pini sita wa kulisha kadi, kwa hiyo kadi kubwa kama RX 570, RX 580, GTX 1060 zote nje, ukizitaka hizo inabidi ununue na pawa saplai nyingine, na hizi za bei chee za mtaani zimeandikwa wati 500 lakini ukiinyanyua ni nyepesi kama boksi tupu, siwezi kuichomeka kwenye mashine ya mtoto wa watu. 1050 Ti yenyewe inakula wati 75 tu na inazivuta zote kwenye sloti ya madabodi, gemu ya GTA V inacheza vizuri kabisa, bei yake ya mtumba inavumilika. Kwa bajeti yangu ndio kadi yenyewe na mpaka leo nasema ndio kadi yenyewe, chaguo lilikuwa sahihi, shida ni mshenzi aliyeniuzia.

Sasa sikilizeni walivyofanya.

Pale upande wa Msimbazi akanidaka winga, kijana msafi, shati limechomekewa, kitambulisho shingoni, shkamoo kaka kwanza halafu ndio biashara. Nikamwambia natafuta 1050 Ti ya 4GB. Hakuniuliza ndio nini, akaniuliza unaiweka kwenye Dell au HP? Mtu anayeuliza swali kama hilo unaona anajua kazi. Akanipandisha ghorofani, duka la vioo, AC inapuliza, mashine zimepangwa, kuna wateja wengine wawili wanalipia laptop zao, sio kichochoroni, sio mtu wa kukutania kituoni kwenye daladala. Muuzaji mwenyewe mtu mzima, ananiita mdogo wangu, akaagiza maji yakaletwa.

Akaitoa kadi kwenye boksi jeusi lenye picha ya roboti, ndani imefungwa kwenye ule mfuko wa fedhafedha. Akachukua kifutio cha penseli akasugua zile dhahabu za chini taratibu, akapuliza, akaichomeka kwenye mashine yake ya kupimia pale kaunta. Ikawaka. Akafungua Device Manager, pale Windows inapoorodhesha vifaa vya mashine, akaniambia sogea mdogo wangu usome mwenyewe usije ukasema nimekusomea. Nikasogea. NVIDIA GeForce GTX 1050 Ti. Akafungua na dxdiag, 4GB. Akawasha gemu ya mpira, PES 2017, tukapiga kipindi kimoja pale, mimi na yeye, haigandi, nyasi zinaonekana, watu wanapita wanaangalia. Sasa niambieni, hapo mtu unakataa nini? Windows yenyewe imeandika jina. Sio karatasi, sio stika, ni Windows.

Nikaona ina sehemu ya VGA, lile tundu la bluu la kuchomeka monita za zamani, nikamuuliza mbona hii ina VGA. Akanijibu kwa upole kabisa, hii ni toleo la soko la Afrika, wanajua huku monita nyingi bado za VGA, utaokoa hela ya monita. Na monita ya dogo ni ya VGA kweli! Yaani alinijibu kitu ambacho ndicho nilikuwa nakihitaji. Nikaona tena ina tundu la pini sita, nikamwambia kaka mi niliambiwa hii haihitaji waya. Akasema hiyo ni ile iliyoongezwa spidi, ina nguvu zaidi, nakupa na waya wa kuunganishia bure kutoka kwenye SATA, ule umeme wa diski. Na ni kweli wakuu, zipo 1050 Ti orijino zenye pini sita, nilishaziona kwenye picha, kwa hiyo alichosema kilikuwa kinaingia akilini. Tapeli mzuri hakudanganyi kila kitu, anachukua kweli nusu anakuchanganyia.

Nikalipa kwa lipa namba. Risiti akaniandikia kwa mkono, nikaomba ya EFD akasema mashine haina mtandao toka asubuhi, njoo kesho uichukue. Na kwenye ile risiti, hili nimeliona baadaye nikiwa nimekaa nayo kitandani usiku, hajaandika 1050 Ti mahali popote. Ameandika "VGA card pc 1" na chini mhuri, mali ikishauzwa hairudishwi. Alijua. Tangu anashika kalamu alikuwa anajua anachofanya.

Nyumbani PES ikacheza. Dogo kashawaita wenzake, sebule imejaa, mama kapika na wageni. Wakawasha GTA V. Ikaanza kuload, ikaingia, gari likatembea kidogo, kioo kikajaa mistari ya kijani halafu giza, mashine ikajizima. Wakawasha tena, vile vile. Wale watoto wakaanza kuniangalia mimi. Mimi ndiye mtu wa kompyuta kwenye ukoo, wajomba wote wakitaka kununua laptop wananipigia mimi, na leo nimeleta kimeo sebuleni mbele ya watoto wa jirani, na dogo badala ya kukasirika ananifariji, ananiambia bro usijali labda ni gemu. Aibu niliyoipata pale siwezi kuwaelezea.

Nikasema nipakue draiva mpya, programu inayoiendesha kadi, kutoka kwa NVIDIA wenyewe wanaotengeneza hizi GTX. Yule mzee alishaniambia usiapudeti draiva, tumia ya kwenye hii CD, ukiapudeti utaharibu kadi. Nikajua ni maneno ya kawaida ya wauzaji. Draiva ya NVIDIA ikaikataa kadi, na nilipoilazimisha mashine ikaleta kioo cha bluu. Nikagusa ule waya wa SATA, wa moto. Nikachomoa kila kitu.

Nikampelekea fundi wangu. Akachomeka flashi yenye GPU-Z, programu ndogo ya bure ya kukagua kadi, ikafunguka palepale na alama ya njano ya hatari, na mbele ya jina la kadi kuna neno FAKE limeandikwa herufi kubwa. Chini yake chipu GF116, kore 192, yaani vile vichakataji vidogo vya ndani ya chipu. 1050 Ti ina kore 768! Fundi akafungua skrubu nne za feni, akafuta ile pesti iliyokauka na pamba, na kwenye chipu yenyewe imechongwa GF116-400-A1, unaisoma kwa macho bila miwani. Hiyo ni GTX 550 Ti ya mwaka 2011. Memori yake halisi 1GB. Wameingia kwenye bayosi ya kadi, ile programu ndogo iliyo ndani ya kadi yenyewe, wameandika jina la uongo na 4GB za uongo, na Windows inasoma tu ilichoandikiwa kwenye bayosi, haina namna ya kujua. Ndio maana PES inacheza, PES 2017 ni gemu nyepesi na haifikishi hiyo 1GB kirahisi, ila ukiweka gemu nzito inakwenda kutafuta memori ambayo haipo na inaanguka. Yule mzee hakuichagua PES kwa bahati.

Na huo waya! 550 Ti inakula mpaka wati 116, na tundu lake la pini sita linaweza kuvuta mpaka wati 75 za hizo. Kichwa cha SATA kimetengenezwa kupitisha kama wati 54 kwa volti 12. Huyu mtu amenipa waya unaoweza kuunguza nyumba, nyumba ina mama mgonjwa na watoto, kwa ajili ya laki mbili na ishirini. Hapa ndipo ninapopandwa na hasira zaidi kuliko hata hela. Huo sio utapeli wa kawaida, mtu wa hivi anatakiwa akae ndani, sio aambiwe arudishe hela akarudi dukani kesho akawauzia wengine.

Nilirudi. Winga anasema yeye winga tu, kazi yake kuleta mteja. Dukani wananiambia huyo winga hatumjui. Nikawawekea kadi mezani, nikawaonyesha maandishi ya kwenye chipu, kijana wa kaunta akaniambia wewe umeshaifungua skrubu, waranti imekufa, na mzee bosi kaenda Guangzhou kufunga mzigo. Nikampigia bosi, simu inaita huko nyuma ya duka naisikia kwa masikio yangu! Halafu ikakatwa. Sasa hivi WhatsApp nimeblokiwa, namba ya kawaida haipokelewi. Nimeenda polisi nimechukua RB, na ndio sababu pekee sijaandika jina la duka hapa, nimeambiwa nisilitaje mpaka wamwite. Akishaitwa nitasema.

Ngoja niwape dalili haraka haraka maana najua kuna mtu ana hela mfukoni anakwenda kesho. Kubwa kuliko zote ni ile VGA ya bluu. NVIDIA waliiondoa VGA kuanzia kadi za GTX 10, hakuna cha toleo la Afrika wala nini, ukiona 1050, 1050 Ti au 1060 ina VGA rudisha mfukoni hela yako uondoke. Boksi lisilo na jina la kampuni, sio ASUS, sio MSI, sio Gigabyte, ni roboti tu na namba. Ukiambiwa usiguse draiva, ujue tayari. Jina kwenye Device Manager halina maana yoyote, msilikubali kama ushahidi, nendeni na GPU-Z kwenye flashi yenu wenyewe, iwe mpya kidogo, toleo la 2018 kuja mbele ndio linazikamata hizi, na mchomeke nyie, na wakikataa flashi kwa sababu ya virusi basi mmeshapata jibu. Tundu la pawa la pini sita peke yake sio dalili, nimeshasema orijino nyingine wanazo. Na gemu ya kupimia chagueni nyie, nzito, iachwe icheze hata robo saa, sio PES.

Na sio NVIDIA tu, fundi anasema hata kwa wapinzani wao AMD kuna RX 580 ambazo ukizipima zina kore 2048 badala ya 2304, hiyo kwa nguvu ni RX 570 imepewa jina la kaka yake, ile angalau inafanya kazi na AMD wenyewe waliitoa hivyo China, ila bei unatozwa ya 580. Hilo kila mtu aliangalie mwenyewe, mi leo nina huyu mzee wangu.

Maana mimi nataka afungwe. Nasema kabisa. Nataka duka lipigwe kufuli, mzigo wote wa maboksi ya roboti utolewe nje uchomwe, na yule winga na kitambulisho chake cha shingoni naye ajieleze, asijifiche kwenye "mi winga tu". Pale juu ya rafu niliona maboksi kama lile yamepangwa mpaka darini, kila boksi moja ni dogo wa mtu fulani na hela ya mtu fulani. Wanafunzi wa chuo wanajichanga bumu wananunua hizo. Tume ya Ushindani, FCC, kazi yao ni bidhaa bandia, TRA wana la kuuliza kuhusu risiti za mkono, polisi wana RB yangu, kwa hiyo asiniambie mtu nimuachie Mungu. Mungu nitamuachia nikishamaliza huko kote.

Kama na wewe ulinunua kadi ya boksi jeusi lenye roboti upande ule, usiitupe na usimrudishie kwa ahadi ya kubadilishiwa, atakuchukulia ushahidi. Piga picha ya risiti, muamala wa lipa namba, boksi, na GPU-Z ikiwa imefunguka, nitumie inboksi. Mpaka sasa tupo watatu, mmoja wa Mbagala na mmoja kaagiza akiwa Morogoro akatumiwa kwa basi, na risiti zetu zote zina mwandiko mmoja. Jumatatu asubuhi tunakwenda pamoja FCC na kadi zetu mkononi, anayeweza kuja aje na yake.