Monita ya kudizainia: uliza paneli kwanza, inchi baadae

Vijana wanaoanza kudizaini wananiuliza sana, "kaka nina hela kidogo, nichukue monita gani?", na wengi wanakua tayari wameshaiona moja dukani, inchi 27, imejikunja, ina taa nyuma, wanachosubiri ni mtu wa kuwaambia chukua. Mimi siwaambii chukua mpaka niulize paneli yake, yaani kile kioo chenyewe kinachotoa picha, ni ya aina ipi, na hapo ndo unakuta hata muuzaji hajui.

Sababu naijua kwa hela yangu. Monita yangu ya kwanza nilinunua kwa kuangalia ukubwa na bei tu. Nikapata kazi ya kadi za harusi, bakgraundi rangi ya maziwa, jina la bibi harusi likawa limekosewa herufi moja kwenye faili, nikaliziba kwa kibox cha rangi ileile, au niliyodhani ni ileile, nikaandika upya juu yake. Kwenye kioo changu palikua laini kabisa huoni kitu. Kadi 200 zikatoka kuchapwa na nyuma ya jina la bibi harusi kuna kiraka, mstatili wa njano iliyopauka, mama mzazi aliuona kabla hajasoma hata tarehe. Nilizichapa zote upya.

Sasa ilikuaje? Kila pikseli, yaani kile kidoti kidogo kabisa kinachojenga picha, ina vitaa vitatu, nyekundu, kijani na bluu. Kwenye picha ya kawaida ya biti 8 kila kimoja kina ngazi 256 za mwanga, ukizidisha 256 kwa 256 kwa 256 unapata rangi 16,777,216. Paneli nyingi za bei ya chini ni biti 6 tu, ngazi 64, zinachezesha pikseli haraka haraka ili jicho lidhani kuna rangi ya katikati. Af paneli ya ile yangu ilikua aina inayoitwa TN, ambayo ukikaa vibaya kidogo tu rangi zote zinazokaribia nyeupe zinamezana. Rangi zangu mbili za maziwa zilikua tofauti kwenye faili, kioo ndo kilikua hakinionyeshi.

Kwahiyo mpangilio wangu uko hivi, na naupanga kwa mtu anayeanza na hela ya kawaida.

Namba moja, monita iliyotumika ya inchi 24, paneli ya aina ya IPS, rezolusheni (idadi ya pikseli kwa upana na kwa urefu) 1920 kwa 1200. Ndio, used. Hizi zilikua maofisini huko nje, zikatolewa, zikaja huku, ukizunguka Kariakoo au Luthuli Avenue kwa wenzetu wa Nairobi unazikuta zimepangwa kama matofali, Dell UltraSharp U2412M, HP Z24i na ndugu zake. Hazina mvuto, plastiki nyeusi nene, stendi kubwa, ila hiyo stendi inapanda, inashuka na kioo kinageuka kusimama wima, poster ya A4 unaitazama nzima. IPS rangi yake haibadiliki ukisogea pembeni, mteja akisimama nyuma ya bega lako anaona unachoona wewe. Na ile 1200 badala ya 1080 ni mistari 120 ya ziada ya pikseli kwa chini, unaweza ukaona ni kidogo ila ukiwa na Photoshop, menyu juu, taskbar chini, utaishukuru kila siku. Ubaya wake ni uzee: zilizowaka miaka mingi mwanga unapungua na kona zinakua za njano, ndo maana lazima uipime kabla ya kulipa.

Namba mbili ni mpya ya inchi 27, IPS, 2560 kwa 1440. Ukiangalia kazi tu hii inaishinda ya kwanza, pikseli 3,686,400 dhidi ya 2,304,000, na zimebanana kama 109 kwa kila inchi kwahiyo maandishi yanakatika vizuri. Nimeishusha kwa sababu ya bei, na kwa sababu kuna laptopu za zamani ambazo tundu lake la HDMI haliwezi kusukuma pikseli zote hizo, unanunua kioo kizuri kinaishia kuonyesha picha yenye ukungu. Ulizia mashine yako kwanza. Kama mashine inaweza na hela ipo, chukua hii usihangaike na used.

Tatu, mpya ya inchi 24, IPS, 1920 kwa 1080. Salama, ina waranti, haina makuu. Hapa angalia kwenye box au karatasi ya vipimo neno sRGB, huo ni mkusanyiko wa rangi ambao HP na Microsoft waliuanzisha mwaka 1996 na picha karibu zote za mtandaoni zinautumia. Unataka asilimia 99 au karibu na hapo. Ukiona wameandika asilimia 45 ya NTSC, kipimo kingine cha rangi cha zamani, kama kioo cha laptopu nyingi za bei rahisi, ujue inakupa rangi zisizofika thuluthi mbili ya zile za sRGB, nyekundu ya kitenge itaonekana kama tofali.

Nne ni zile zilizojikunja za magemu, nyingi ni paneli ya VA. Nyeusi yake ni nzito kweli na kwa muvi ni raha, ila mstari ulionyooka kwenye kioo kilichopinda utakusumbua ukidizaini logo, na zile hezi 144, yaani kioo kubadilisha picha mara 144 kwa sekunde, unazolipia hazikusaidii chochote kwenye picha iliyotulia.

Tano, inchi 27 yenye 1080. Pikseli ni zilezile za inchi 24 zimetanuliwa tu, kama 82 kwa inchi, unaanza kuhesabu vidoti.

TN usinunue. TV nayo hapana, nyingi zinakata kingo za picha na zinanolesha maandishi zenyewe, unarekebisha kitu ambacho hakipo kwenye faili.

Ukienda dukani beba flashi yenye picha tano: nyeupe tupu, nyeusi tupu, nyekundu, kijani na bluu. Kwenye nyeupe angalia kona na njano, kwenye nyeusi angalia mwanga unaovuja, kwenye rangi tafuta pikseli iliyokufa. Wakiwa wameunganisha kwa waya wa VGA omba wabadilishe waweke HDMI au DisplayPort, VGA inalainisha picha, unaweza ukakataa monita nzima isiyo na kosa.

Na ongeza picha ya sita. Jaza rangi ya maziwa, nyekundu 250, kijani 245, bluu 230, katikati weka mstatili wa 247, 241, 224. Uufungue, kaa sawa, kisha sogea kushoto, sogea kulia. Mstatili ukiuona muda wote, toa hela.